Mgonjwa Alitaja Jina la Mume Wangu, na Mkalimani ni Mimi

"Muulize mume wake anaitwa nani," daktari aliniambia.

Nikamgeukia yule binti pale kitandani, nikamuuliza kwa Kisukuma.

Hakujibu haraka. Alinitazama usoni... akashuka hadi kwenye kitenge changu... akarudi usoni. Midomo imemkauka.

Kisha akatamka polepole, kama mtu anayepanga mayai juu ya meza.

"Luhende. Luhende Machibya. Anaendesha lori la samaki."

Wajukuu zangu... jina lile nalijua!

Luhende Machibya, dereva wa lori la samaki, alikuwa MUME WANGU! Baba wa watoto wangu wawili! Asubuhi ile ile nilikuwa nimemjazia chai kwenye chupa, nikamfungia viazi vitamu, nikamsindikiza hadi barabarani pale Mkuyuni.

Na sasa yuko binti wa watu kitandani anamwita mume wake.

"Mama Sabina," daktari akasema, kalamu iko juu ya kadi. "Anasemaje?"

Mle ndani tulikuwa mimi, yule binti, daktari na nesi Wilhelmina. Aliyekuwa akisikia Kisukuma, ukimtoa mgonjwa mwenyewe, ni mimi peke yangu.

Ningeweza kutaja jina lolote! Masalu. Shija. Nani angejua?

Tulieni kidogo niwaambie nilifikaje kwenye chumba kile.

Naitwa Kashindye. Shule niliishia darasa la nne. Hayo yalitokea mwaka wa tisini na nne, wakati serikali imelegeza kamba na kila mtu anafungua chake. Huku mitumba, kule kiwanda cha minofu, pale zahanati ya mtu binafsi. Mume wangu alikuwa dereva wa chama cha ushirika, wakapunguzwa kazi, akahangaika weee, mwisho akapata lori la tajiri mmoja wa samaki.

Mimi nikapata kazi ya kufagia kwenye zahanati ya Daktari Ooko, Buzuruga, karibu na stendi.

Daktari Ooko alikuwa Mjaluo wa Rorya. Kiswahili anacho, Kijaluo anacho, Kisukuma hana hata salamu! Na wagonjwa wake nusu nzima walikuwa wanashuka kwenye mabasi ya Magu, Kwimba na Misungwi. Mtu anaeleza ugonjwa wake mpaka anaishiwa pumzi, daktari amemtolea macho tu.

Siku moja niko mlangoni na fagio langu. Ndani kuna bibi kizee anaongea, anajishika tumbo, daktari anaandika dawa ya tumbo. Nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, daktari. Huyu bibi haumwi."

"Haumwi? Si amejishika tumbo?"

"Anaonyesha mjukuu wake anaumwa wapi. Mjukuu kamwacha nje kwenye benchi."

Daktari alicheka hadi akavua miwani!

Kesho yake akanipa koti jeupe lililopauka, akanikalisha kwenye kiti. Mimi, mfagiaji, kwenye kiti ubavuni mwa daktari!

"Mama Sabina, kuanzia leo wewe ni mdomo wangu na masikio yangu. Mgonjwa akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Usimpunguzie, usimwongezee, usimpambie. Akitukana, tukana."

"Akikutukana wewe, daktari?"

"Nitukane."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na ukishatoka kwenye mlango huo, hukusikia kitu. Hata kwa mume wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilidhani ni jambo jepesi...

Mtaani hawakunielewa kabisa. Jirani yangu Paskazia alikuwa ananivizia bombani.

"Kashindye! Yule mke wa mwenye mashine ya kusaga jana alifuata nini kwenu?"

"Alimfuata daktari."

"Najua alimfuata daktari! Anaumwa nini?"

"Kwake unakujua. Kamuulize."

"Ehee! Koti la kupewa limekupanda kichwani!"

Na mume wangu naye alikuwa akinifanya kichekesho. Kila anakokunywa pombe alikuwa anawasimulia wenzake: "Mke wangu ni kufuli. Yuko kwa daktari mchana kutwa, anasikia mambo ya mji mzima, lakini hata mimi mume wake haniambii!" Wenzake wanacheka, na yeye anacheka.

Lishikeni neno hilo. Mtalihitaji.

Sasa turudi chumbani.

"Mama Sabina! Anasemaje?"

Kuna jambo moja zaidi. Kwetu nilikolelewa, mke hatamki jina la mume wake. Ni aibu na ni kukosa adabu. Tangu niolewe, "Luhende" halijawahi kupita kwenye mdomo wangu. Ni Baba Sabina, basi. Hata daktari alimjua hivyo hivyo kwa kumsikia, Baba Sabina. Sura yake hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo ningelitamka pale, ningekuwa nalitamka kwa mara ya kwanza maishani mwangu... nikiwa naongea kwa niaba ya mwanamke wake mwingine!

Nikamgeukia daktari.

"Mume wangu anaitwa Luhende," nikasema. "Luhende Machibya. Anaendesha lori la samaki."

Daktari akaandika. Kwake lilikuwa jina kama majina mengine.

Lakini yule binti alifumba macho, akashusha pumzi ndefuuu. Nikadhani ni maumivu.

Jina lake Kija. Kwao ni Kwimba ndani kabisa, shule hakupelekwa, Kiswahili alikuwa anaokota neno mojamoja. Alikuwa anatapika, ana kizunguzungu, masikio yanamlia kama yana nyuki ndani, macho hayaoni vizuri.

"Ametokea wapi asubuhi hii?" daktari akauliza.

"Nimetokea Nyegezi," nikatafsiri.

"Nyegezi!" Wilhelmina akaruka. "Hali hii, akatoka Nyegezi mpaka Buzuruga? Si amepita zahanati kibao njiani!"

Daktari alikuwa anamfungua macho mgonjwa, anamgusa shingo.

Mnaijua Mwanza ya wakati ule. Ukiwa na homa ni malaria, ukiwa huna homa ni malaria inayojificha.

"Malaria imempanda kichwani," daktari akasema. "Wilhelmina, andaa dripu ya kwinini. Haraka!"

Nesi akaenda kabatini. Nikasikia chupa zinagongana.

Hapo Kija akanishika kitenge.

"Dada..." akanong'ona. "Kuna kitu sijasema."

"Sema, mdogo wangu."

"Nina mimba. Luhende haitaki. Jana alinichukua, akanipangishia gesti kule Nyegezi. Akanipa vidonge vyeupe, mkono umejaa, akasema ni vya kuongeza damu. Vichungu, dada! Vichungu hadi kichwani! Akasimama pale pale mpaka nikamaliza. Asubuhi nimeamka taa naiona ina ukungu... na yeye hayupo."

Nisiwadanganye, wajukuu zangu. Mimi si malaika.

Pale pale shetani alivuta kigoda akakaa karibu yangu.

Nikinyamaza... dripu inaingia. Sikujua dawa, lakini nilikaa mle ndani vya kutosha kujua kwamba huwezi kumwekea mtu dawa juu ya dawa usiyoijua. Nikinyamaza, huyu binti hatoki hapa. Na hakuna mtu duniani atakayesema Kashindye kafanya nini, kwa sababu sikufanya kitu!

Au niseme vidonge, nisiseme ni nani kampa. "Amemeza vidonge, daktari." Basi. Mgonjwa anapona, mume wangu habughudhiwi, Sabina na mdogo wake wanakula samaki jioni.

Si ni nusu tu ya maneno? Nusu nimesema!

Usimpunguzie. Usimwongezee.

Wilhelmina alishaning'iniza chupa. Alishafunga mpira kwenye mkono wa Kija, anatafuta mshipa.

"DAKTARI, SUBIRI!"

Wote wakanigeukia.

"Mgonjwa anaongea. Anasema: Nina mimba. Mume wangu haitaki. Jana mume wangu alinipangishia gesti Nyegezi, akanipa vidonge vyeupe, mkono umejaa. Akaniambia ni vya kuongeza damu. Ni vichungu hadi kichwani. Mume wangu alisimama pale pale mpaka nikamaliza..."

Kila nikisema "mume wangu", ndani yangu kitu kinachanika. Lakini nilisema yote. Nilisema hadi ukungu wa taa.

Daktari Ooko aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto!

"Wilhelmina, toa! Toa hiyo! Hivyo vidonge ndiyo kwinini yenyewe, amepewa nyingi atoe mimba! Leta glukosi!"

Aliing'oa ile chupa kwa mkono wake mwenyewe. Jasho lilimtoka, mtu mzima yule.

"Tungemwua," akasema polepole. "Mimi hapa... kwa mkono wangu ningemwua."

Kisha akanitazama. "Ahsante, Mama Sabina. Mwambie asiogope."

Nikamwambia asiogope.

Kija akalazwa chumba cha nyuma. Daktari akatuagiza mimi na Wilhelmina, "Mtu aliyempa mtoto wa watu vidonge vile atarudi kumtafuta. Asijue mtu kwamba huyu binti yuko hapa. Mtu yeyote!"

Nikavua koti, nikaenda nyumbani.

Mnajua adhabu niliyoipata? Ningepiga yowe mtaa mzima ukajaa, lakini sina ruhusa! Nilichokijua nilikijulia kazini. Nje ya ule mlango, mimi sikusikia kitu.

Nikawasha jiko. Nikakaanga sangara. Nikasonga ugali. Mwanaume akaingia, Sabina akamkimbilia, "Baba! Baba!" Akambeba.

Nikamnawisha mikono. Mikono ile ile iliyojaa vidonge jana yake!

Hakula. Alikuwa anafinyanga tonge anarudisha.

"Mama Sabina... leo zahanati kwenu vipi?"

"Wagonjwa walikuja, wakatibiwa."

Siku zote hapo huwa anacheka na kusema "kufuli hilo!" Leo hakucheka.

"Hivi... hakuja binti mmoja hivi? Msukuma wa Kwimba. Mwembamba, mrefu."

Nikaendelea kuchambua miiba kwenye samaki wa mtoto.

"Kwani ni nani?"

"Mdogo wake rafiki yangu. Kapotea stendi. Anaumwaumwa... rafiki ana wasiwasi."

"Rafiki yako aje amuulize daktari."

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi sina jibu la mambo ya zahanati. Unanijua."

Akapiga sinia ngumi, mboga ikamwagika, mtoto akaanza kulia.

"Mwanamke gani anamficha mume wake? Nakuuliza kama alikuja au hakuja! Neno moja tu! Ndiyo au hapana!"

Nikamtazama. Nikaona ana woga, si hasira. Na mwanaume mwenye woga akijua yule binti alipolala, sijui angefanya nini. Sikutaka kujua.

"Baba Sabina, hata kama hakuja mtu sitasema hakuja. Na hata kama alikuja sitasema alikuja. Ukitaka nirudishe kwetu."

"Nitakurudisha!"

"Sawa. Ngoja kwanza mtoto amalize kula."

Alitoka akabamiza mlango. Sikulia. Nilikaa pale nikiokota mboga kwenye mkeka, moja moja...

Asubuhi nikavaa koti langu nikaenda kazini.

Sijamaliza hata kufuta meza ya daktari, nasikia sauti naijua kule kwenye benchi, inamwamkia mama mmoja!

"Shikamoo mama... samahani, namtafuta mdogo wangu, kaletwa hapa?"

Ni YEYE! Ana soda mkononi na mkate, amechomekea shati. Kumbe tangu jana alikuwa anazunguka zahanati moja baada ya nyingine, Nyegezi, Mkuyuni, mjini, akamaliza zote akafika hapa!

Tukaonana macho kwa macho.

"Sikukuja kwako," akasema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kwa daktari."

"Daktari huyo."

Daktari Ooko alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Karibu bwana. Unamtafuta nani?"

"Mdogo wangu, daktari. Anaitwa Kija. Nimekuja kumchukua nimrudishe nyumbani, mama analia."

"Na wewe jina lako?"

Akababaika kidogo. Lakini mtu akishasema uongo mkubwa, mdogo huusahau!

"Luhende. Luhende Machibya."

Daktari akalitambua. Aliliandika jina lile jana yake kwa mkono wake. Akamtazama, kisha akanitazama mimi, sijui aliona nini usoni kwangu.

"Mama Sabina. Huyu bwana unamjua?"

"Namjua, daktari. Ni mume wangu."

Daktari akavua miwani.

"Mume wako," daktari akarudia.

"Ndiyo."

"Jana... ulipokuwa unaniambia yale maneno..."

"Nilijua, daktari."

Luhende akatuangalia mmoja mmoja. Hapo ndipo akili ilimwingia. Akataka kutoka, akamkuta Wilhelmina mlangoni, na Wilhelmina alikuwa mwanamke wa kujaza mlango!

"Keti," daktari akamwambia. "Mgonjwa ni mtu mzima. Tutamuuliza mwenyewe kama anataka kwenda na wewe."

Kija akaja anajishikilia ukuta. Alipomwona Luhende alirudi hatua nyuma.

Luhende akamrukia kwa Kisukuma, maneno mbiombio, anajua daktari haelewi.

"Kija, sikiliza! Usifungue mdomo! Sema mimi ni kaka yako, sema umekula kitu kibaya. Nitakuoa, nitapeleka ng'ombe kwenu mwezi huu huu. Ukisema neno, nyumbani kwenu watakufukuza!"

Kisha akanigeukia, bado kwa Kisukuma, sauti imelainika.

"Na wewe mke wangu... usitafsiri haya. Nakuomba. Fikiria watoto. Usitafsiri!"

Daktari akaniangalia. Nadhani aliogopa kuniuliza.

Kwa mara ya kwanza aliniambia, "Mama Sabina, hili unaweza kuliacha. Nitatafuta mtu mwingine kule stendi."

Hapo mlango ulikuwa wazi! Nani angenilaumu?

Lakini mtu wa kuokota stendi angetoka hapo akauze habari za Kija kwa kila abiria. Na nisingejua kama amesema yote.

"Niko kazini, daktari," nikamwambia. "Huyu bwana amemwambia mgonjwa: Usifungue mdomo. Sema mimi ni kaka yako, sema umekula kitu kibaya. Nitakuoa, nitapeleka ng'ombe kwenu mwezi huu huu. Ukisema neno, nyumbani kwenu watakufukuza."

"Mama Sabina!" Luhende akapiga kelele.

"Na mimi ameniambia: Mke wangu, usitafsiri haya. Nakuomba. Fikiria watoto. Usitafsiri."

Luhende akajishika kichwa kwa mikono miwili.

Daktari akamgeukia Kija. "Muulize anataka nini."

Nikamuuliza. Kija alijibu kwa sauti ndogo lakini haikutetemeka.

"Siendi naye popote," nikatafsiri. "Ninaogopa akinipata peke yangu. Niitieni polisi, na mtu aende Kwimba akamwite kaka yangu wa kweli."

Wilhelmina alikuwa ameshatoka kwenda kituo cha polisi kabla sijamaliza, na daktari akasimama mlangoni mahali pake.

"Na wewe, Mama Sabina?" daktari akaniuliza taratibu. "Wewe unataka nini?"

"Humu ndani, daktari, mimi sina ninachotaka. Nikitoka nje nitalia."

Na nilipotoka nililia. Nilikwenda nyuma kwenye pipa la maji ya mvua, nikajifunika koti usoni, nikalia hadi likalowa.

Sitawapambia mwisho, kwa sababu haukupambika.

Mimba ya Kija ilitoka siku ya pili. Sikio lake la kushoto halikurudi sawasawa. Hadi leo ukiongea naye anakugeuzia la kulia. Luhende alifungwa. Alipotoka hakurudi Mkuyuni, nikasikia yuko Geita. Mama mkwe alikuja na mashangazi wawili, wakasimama uani kwangu mbele ya majirani.

"Umemfunga mume wako kwa mdomo wako mwenyewe! Mdomo wa kulipwa mshahara!"

Nikawaamkia shikamoo. Hawakuitikia. Nikawaletea viti, hawakukaa.

Kuna miaka nilikula maneno hayo na ugali.

Lakini sasa njooni karibu, hiki ndicho nilichokuwa nawacheleweshea...

Siku Kija anaondoka, kaka yake yuko stendi anamtafutia nafasi kwenye basi, mimi nikakaa naye kwenye benchi. Nilikuwa na jambo linaniwasha. Ametoka zahanati, si mgonjwa wetu tena, nikaona naweza kusema.

"Kija, kuna jambo hulijui. Yule Luhende..."

"Ni mume wako," akasema.

Nikamtazama!

"Nani amekuambia? Ni siku ile aliponiita mke wangu?"

"Nilijua kabla sijafika hapa, dada. Ndiyo maana nilikuja."

"Ulijuaje?"

"Alikuwa akinywa pombe kwetu Kwimba, anakusema. Ana mke Buzuruga kwa daktari, ni mdomo wa daktari, ana koti jeupe. Anasikia siri za mji mzima na hata mume wake hamwambii. Anacheka! Mimi sikuwa nacheka. Asubuhi ile niko gesti sioni vizuri, nikawaza, Kiswahili sina. Zahanati nyingine nitamkuta mtu wa kunisemea, naye atanisemea anavyotaka, jioni nitakuwa wimbo. Mtu ninayemjua kwamba hatoi maneno nje ni mmoja tu."

"Lakini mimi ni mke mwenzio! Hukuogopa?"

"Niliogopa sana! Ndiyo maana nilianza na jina."

"Jina?"

"Kiswahili sikijui, lakini jina ni jina. Nilijua mke hatamki jina la mume wake. Nikasema moyoni, nitalitaja, halafu nisikilize. Akilibadilisha, au akiliruka, basi nanyamaza, vidonge sivitaji, nife na yangu. Akilitoa lilivyo... namwambia yote."



Nikaikumbuka ile pumzi ndefu niliyodhani ni maumivu. Nikaikumbuka chupa imeshaning'inizwa. "Masalu" moja tu, "Shija" moja tu, niliyotaka kuisema ili kujifichia aibu, na yule mtoto angefumba mdomo wake na dripu ingeingia!

Basi hilo ndilo funzo langu, na ninawaambia ninyi mlioajiriwa, mwenye cheti na asiye nacho. Kuijua kazi ni jambo moja. Kuna siku kazi yako itageuka ikuume wewe mwenyewe, na hakuna anayekuona, na nusu tu ya ukweli ingetosha kukuokoa. Siku hiyo ndiyo utajua kama ulikuwa mtu wa kazi au ulikuwa umevaa koti tu. Ninawaona siku hizi mnawapiga picha wagonjwa mnarusha mitandaoni, mnatoa siri za wateja kwenye magrupu mnachekeana. Kumbukeni kwamba kuna mtu mahali anawasikia mnavyoongea habari za wengine, na anapima kama siku yake ikifika aje kwenu au afe na yake.

Najua mtaniuliza. Bibi, mbona na wewe umetoa siri ya mgonjwa hapa?

Ni haki yenu kuuliza.

Jumapili iliyopita nilimpigia Kija simu. Yuko Magu, ana duka la vitenge na wajukuu watatu. Nikamwambia nataka kuandika habari yetu, lakini sitaandika hata neno bila yeye kukubali.

Nikamsikia anahamisha simu kwenye sikio la kulia.

"Andika, dada."

"Nitabadilisha majina. Lako, na la yule mwanaume."

Akacheka, wajukuu zangu, akacheka hadi akakohoa.

"Siku ile jina lake linakuunguza mdomo hukulibadilisha," akasema. "Leo ulibadilishe kwa nini? Liache kama lilivyo."

Nimeliacha.